Kabla hujaposti "PC ya gemu, inapiga ovakloki", isome kwanza mazabodi

Leo somo ni refu kidogo, kwa hiyo save hii posti uisome ukiwa umetulia. Inawahusu wote wanaouza kompyuta, vipuri au PC za kuunganisha kupitia Insta, WhatsApp na kwingineko. Hata kama unauza moja moja kwa mwezi, soma, kwa sababu moja tu inatosha kukuchafulia jina.

Nianze na lililonikuta mimi.

Kuna kijana wa Mwanza nilimuuzia PC ya gemu kwa 1,450,000. Prosesa ilikuwa Core i7-8700K, rami GB 16 za kasi ya 3200, kadi ya grafiki nzuri, kesi ya kioo. Kwenye tangazo niliandika kwa herufi kubwa: INAPIGA OVAKLOKI. Kwa asiyejua, kuovakloki ni kuisukuma prosesa au rami iende kasi kuliko ile iliyopangiwa kiwandani. Yule kijana aliuza PS4 yake ili atimize hela. Mzigo ukapanda basi, ukafika salama, nikaposti stetasi ya "mteja mwingine kafurahi".

Siku mbili baadaye akaniandikia: "Kaka samahani, nimeingia bayosi sioni pa kupandisha namba ya prosesa. Na rami inasoma 2666, wewe uliniambia 3200."

Nikamjibu kwa ujasiri kwamba ni settingi tu. Nikamzungusha siku tatu. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui. Niliyeninunulia ile mazabodi aliniambia "hii ni ya gemu", na mimi nikaangalia pambo jekundu, taa na lile bati kubwa la kupoza, nikaamini. Usiku wa tatu ndipo nikakaa chini nikasoma jina lake: ilikuwa B360. Na B360 haikubali ovakloki ya prosesa, na rami inaishia 2666. Hakuna settingi itakayobadilisha hilo. Mteja alilipia prosesa ya kufunguka na rami ya kasi, halafu nikamfungia vyote viwili kwenye mazabodi isiyoweza.

Nikampigia nikamwambia ukweli, nikaomba arudishe mzigo. Nikatafuta Z370 ya mtumba kwa 210,000, ile B360 nikaiuza 120,000. Hapo imeondoka 90,000. Usafiri wa basi kwenda na kurudi umekula 45,000. Faida yangu ya mwanzo ilikuwa 150,000. Piga hesabu: nilibaki na 15,000 kwa wiki mbili za kazi. Na bado nina bahati, angeweza kunianika mtandaoni na angekuwa na haki.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: tangazo haliandikwi mpaka mazabodi imesomwa na imepimwa. Mteja anaangalia prosesa na kadi ya grafiki, lakini mazabodi ndiyo inayoamua kama hivyo alivyolipia atavipata. Twende hatua kwa hatua.

1. SOMA HERUFI NA NAMBA, USISOME PAMBO

Kila mazabodi ina chipseti, na jina la chipseti huwa ndani ya jina la mazabodi yenyewe: Z390, B450, H610 na kadhalika. Puuza maneno mengine yote ya kibiashara kwenye boksi. Tafuta hiyo herufi na namba.

Upande wa Intel, ili mteja aovakloki prosesa anahitaji vitu viwili kwa pamoja:
- Prosesa yenye herufi K mwishoni (K, KF au KS), mfano i5-12600K.
- Mazabodi ya Z: Z170, Z270, Z370, Z390, Z490, Z590, Z690, Z790. Za zamani kidogo ni Z77, Z87, Z97.

Ukiwa na K bila Z, umelipia mlango ambao haufunguki. Ukiwa na Z bila K, vilevile. Mazabodi za B na H ni nzuri kwa kazi ya kawaida na hata kwa gemu, ila sio za kuovakloki prosesa. Kwa upande wa rami kuna tofauti: B560, B660 na B760 zinakubali rami kupandishwa kasi, lakini B360, B365, B460, H510 na H610 hazikubali.

Upande wa AMD Ryzen mambo ni rahisi zaidi, kwa sababu prosesa karibu zote zimefunguliwa. Hapa kinachoamua ni mazabodi:
- Zinazokubali: B350, B450, B550, B650, na za X kama X370, X470, X570, X670.
- Zisizokubali ovakloki ya prosesa: A320, A520, A620.

Kuwa makini na prosesa ya Ryzen 7 5800X3D. Ni moto kwenye gemu, lakini yenyewe imefungwa. Usiiuze kwa neno "ovakloki" hata ukiiweka kwenye X570.

2. SOKETI KUINGIA SIO KUWAKA

Hapa wengi tunapigwa. Unaona prosesa imekaa vizuri kwenye soketi, unadhani kazi imeisha.

Mfano wa kwanza: soketi ya LGA1151. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na 7 zinatumia jina hilo, na za kizazi cha 8 na 9 pia. Lakini Z170 na Z270 ni za kizazi cha 6 na 7, wakati cha 8 na 9 kinataka chipseti za mfululizo wa 300 kama Z370 na Z390. Ukinunua i7-8700K ukaiweka kwenye Z270 kwa sababu "soketi ni moja", utakaa na skrini nyeusi.

Mfano wa pili: B450 na Ryzen za mfululizo wa 5000. Zinaendana, lakini bayosi lazima iwe imesasishwa. Mazabodi ya B450 iliyokaa stoo tangu zamani na bayosi yake ya zamani haitaitambua Ryzen 5 5600. Mteja atakwambia umemuuzia mbovu, kumbe ni bayosi. Kabla hujatuma, sasisha mwenyewe. Nenda kwenye tovuti ya aliyeitengeneza mazabodi, tafuta modeli hiyohiyo, angalia orodha ya prosesa zinazokubalika na toleo la bayosi linalotakiwa. Wakati wa kusasisha umeme usikatike, kwa hiyo tumia UPS. Umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na kipande cha bati.

Mfano wa tatu: mazabodi za LGA1700 zipo zinazotumia rami za DDR4 na zipo za DDR5, wakati za AM5 ni DDR5 tu. Rami hizi haziingiliani. Andika kwenye tangazo ni ipi.

3. NJIA YA UMEME NDIYO NGUVU YENYEWE

Chipseti inatoa ruhusa. Lakini ruhusa sio uwezo. Uwezo unatoka kwenye ule mfumo unaozunguka soketi unaoitwa VRM, ambao kazi yake ni kupokea umeme wa volti 12 kutoka pawa saplai na kuushusha mpaka volti kama 1.2 ambazo prosesa inakula.

Hesabu ndogo ili uelewe. Prosesa ikivuta wati 120 kwa volti 1.2, hiyo ni ampea 100. Ampea 100 zinapita kwenye vipande vidogo kuliko ukucha wako. Ukiovakloki wati zinapanda, na joto la hivyo vipande linapanda. Fikiria transfoma ya mtaa siku nyumba zote zimewasha pasi. Ikizidiwa, ama inashusha nguvu ama inaungua.

Mambo ya kuangalia kwa macho:
- Mabati ya kupoza juu ya VRM. Mazabodi ambayo sehemu hiyo iko uchi kabisa, usiiuze kwa mtu wa ovakloki mwenye prosesa kubwa, hata kama ni B450. Bati liwe zito na lenye mapezi, sio plastiki ya urembo. Ligonge kidogo kwa kucha utajua.
- Soketi ya umeme ya prosesa, ile ya juu kushoto. Yenye pini 4 ni ya prosesa ndogo. Kwa ovakloki tafuta ya pini 8, au 8 na 4.
- Vile visanduku vidogo vya kijivu au vyeusi vilivyojipanga kando ya soketi ni koili. Vingi ni dalili nzuri, lakini usitangaze "fezi 12" kwa kuhesabu visanduku tu, kwa sababu watengenezaji wengine wanaweka viwili kwenye njia moja. Tafuta maelezo ya modeli hiyo.
- Toleo. Kuna mazabodi zina jina moja ila zimechapwa pembeni Rev 1.0, Rev 2.0 na kuendelea, na VRM zinaweza kuwa tofauti. Piga picha ya hayo maandishi.

4. RAMI: MTEJA ALIPE KASI ANAYOIPATA

Rami iliyoandikwa 3200 au 3600 mara nyingi ikiwashwa mara ya kwanza inakwenda polepole, mfano 2133 au 2400 au 2666. Mpaka uingie bayosi uwashe XMP. Kwenye mazabodi za AMD unaweza kukuta imeitwa DOCP au EXPO. Washa wewe mwenyewe kabla ya kutuma, usimwachie mteja.

Na rami mbili za GB 8 ni bora kuliko moja ya GB 16 kwa gemu, hasa kama kompyuta inatumia grafiki za ndani ya prosesa kama Ryzen 5 5600G. Mazabodi ikiwa na nafasi nne, rami mbili kwa kawaida zinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Nimeona PC nyingi zimeuzwa na rami zimepangwa ya kwanza na ya pili. Hilo ni la bure kabisa kurekebisha.

5. KUKAGUA MTUMBA

Wengi wetu tunauza iliyotumika. Usione aibu kukagua mbele ya anayekuuzia. Mimi natembea na tochi na kioo cha kukuzia cha fundi saa.
- Pini za soketi. Za Intel, na AMD za AM5, pini ziko kwenye mazabodi. Mulika kwa pembeni, zote ziwe zimelala mwelekeo mmoja. Moja iliyopinda inaweza kuua nafasi ya rami au mazabodi nzima. Za AM4 pini ziko kwenye prosesa, kwa hiyo hapo kagua prosesa.
- Kapasita, vile vikopo vidogo. Kilichovimba kichwa au kuvuja, achana nacho.
- Rangi ya kahawia kuzunguka VRM. Hiyo imechemka sana, na inawezekana aliyekuwa nayo aliikamua.
- Kutu kwenye pota. Za kutoka sehemu za pwani, chumvi inazila.
- Betri ndogo ya CR2032. Saa ikirudi nyuma kila ukizima, badilisha kabla ya kutuma. Ni hela ndogo inayokuepusha na simu kumi.

Mitego miwili ya mjini. Wa kwanza: PC za ofisini kama Dell OptiPlex na HP za aina hiyo. Ni mashine nzuri, zinauzika, na ukiweka kadi ndogo ya grafiki zinacheza gemu. Lakini bayosi zake hazina pa kuovakloki, na nyingi zinatumia soketi ya umeme ya kwao, sio ile ya pini 24, kwa hiyo hata kubadilisha pawa saplai ni shughuli. Ziuze kwa sifa zake za kweli.

Wa pili: mazabodi za bei nafuu kutoka China zinazoitwa "X99", zinazokuja na prosesa za Xeon. Nyingi ya hizo chipseti yake halisi sio X99, ni ya kompyuta za kawaida kama H81 au B85. Na Xeon za E5-2600 v3 zimefungwa. Zinafanya kazi za editing vizuri kwa bei yake, lakini neno "ovakloki" liweke pembeni. Fungua programu ya CPU-Z, nenda sehemu ya Mainboard, uone inachosema, usitegemee kilichochapwa juu.

6. PIMA KWENYE JOTO LETU

Kompyuta kuwaka sio kipimo. Kila PC ninayoiita ya gemu inapita haya:
- Cinebench R23, jaribio la kuendelea dakika 10, mara tatu mfululizo.
- OCCT kwa prosesa, nusu saa.
- MemTest86 kwa rami, inaanza kwa flashi, naiacha usiku.
- HWiNFO ikiwa wazi muda wote, kuangalia joto na kasi.

Kinachotafutwa ni hiki. Kama kasi ya prosesa inaporomoka wakati prosesa yenyewe haina joto kubwa, tuseme iko nyuzi 65 lakini kasi imetoka GHz 4.3 ikashuka 3 na kidogo, basi tatizo haliko kwenye feni. Ama bayosi imewekewa kikomo cha umeme, ama VRM imezidiwa. Angalia kikomo kwanza. Kama kikomo kiko sawa, hiyo mazabodi sio ya ovakloki. Zenye kipimo cha joto la VRM, mimi nikiona imepita nyuzi 100 naitoa kwenye orodha ya ovakloki, naiuza kama ya kawaida.

Na tafadhali, zima AC. Ukipima kwenye chumba chenye ubaridi halafu mteja anacheza chumbani Tandika mwezi wa pili, dirisha moja, feni ya juu haizunguki, umepima hewa. Funga na kesi kabisa, kwa sababu mteja hatachezea mashine ikiwa wazi mezani.

7. MUULIZE MTEJA SWALI MOJA

"Utaovakloki kweli, au unataka tu gemu ziende vizuri?"

Wengi watajibu la pili. Huyo usimuuzie Z kwa sababu ina faida kubwa. Mpe B nzuri yenye VRM ya maana, tofauti ya hela iende kwenye kadi ya grafiki. Kwenye gemu nyingi ataiona hiyo tofauti kwa macho kuliko ovakloki. Unaweza kupoteza faida ya leo kidogo, lakini huyo ndiye atakayeleta wenzake.

Na anayeovakloki kweli mwambie mapema: Intel na AMD wenyewe wanaonya kwamba madhara ya ovakloki yanaweza kuwa nje ya dhamana. Wewe pia sema dhamana yako inaishia wapi, na iwe kwa maandishi.

TANGAZO LIWEJE?

Chukua mfano huu, badilisha vyako:

"Mazabodi B450, Rev 1.0, mtumba, nimeikagua. Pini 8 za umeme, bati la VRM lipo. Bayosi imesasishwa, nimeijaribu na Ryzen 5 5600. Rami GB 8 mara mbili, DDR4, XMP imewashwa, inasoma 3200. Cinebench dakika 30 bila kushuka kasi. Picha za CPU-Z na HWiNFO zipo. Dhamana siku 14, ovakloki ya mteja haimo."

Halina mbwembwe, najua. Lakini kila sentensi unaweza kuithibitisha kwa picha. Mteja akirudi na lawama, una cha kumuonyesha. Na kama hujapima kitu, usikiandike. Andika "sijajaribu kuovakloki" bila kuogopa. Mimi nimeuza nyingi kwa sentensi hiyohiyo.

Yule kijana wa Mwanza bado tunawasiliana. Miezi kadhaa baadaye alinitumia rafiki yake anunue mashine. Rafiki hata salamu hakumaliza, akaandika: "Nimeambiwa nisilipe mpaka unitumie picha ya CPU-Z, sehemu ya Mainboard." Nilicheka, nikamtumia.

Una mazabodi stoo hujui uiuze kama nini? Andika hapo chini jina lake kamili na prosesa unayotaka kuiweka, nitakujibu. Na kama kuna mwenzako anauza PC, mtumie hii kabla hajaposti mzigo wa wikiendi.